Fahamu Huduma: Kiti cha Meno Huanzia Chini ya Sakafu

Kliniki mpya ya meno inapofunguliwa katika hospitali ndogo au kituo cha afya, macho ya wakazi huenda moja kwa moja kwenye kiti. Ni kikubwa, kinang'aa, kinapanda na kushuka, na ndicho kinachopigwa picha siku ya uzinduzi. Lakini kiti hicho hakifanyi kazi peke yake. Chini yake huingia maji, umeme na hewa iliyobanwa, na kutoka kwake huondoka maji machafu yaliyochanganyika na mate na damu. Hewa na maji yakikosekana, drili haizunguki, na daktari hawezi kusafisha jino lililooza akaliziba. Kazi kubwa atakayobaki nayo ni kung'oa.

Hapo ndipo ulipo uzito wa jambo hili kwa mkazi. Jino la kudumu likishang'olewa haliotei tena. Mtoto wa miaka 12 aliyetoboka jino kidogo anaweza kukaa nalo maisha yake yote iwapo litazibwa mapema. Akifika kwenye kliniki yenye kiti kipya kisichounganishwa na hewa wala maji, ataambiwa aende hospitali ya mbali, au jino litolewe.

Shirika la Afya Duniani, WHO, lilikadiria katika ripoti yake ya mwaka wa 2022 kuwa magonjwa ya kinywa na meno huwapata watu wapatao bilioni 3.5 duniani. Nchini Kenya, Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka wa 2010 linazikabidhi serikali za kaunti vituo vya afya vilivyo katika maeneo yao. Kwa hivyo uamuzi wa kununua kiti cha meno, na wa kutenga pesa za kukitunza, hupitia bajeti ya kaunti, na mkazi ana nafasi ya kuuliza maswali kabla ya pesa kutoka. Somo hili linaeleza jinsi kiti cha meno kinavyochaguliwa na kufungwa, ili mkazi, mwanakamati wa kituo cha afya au kijana anayepanga kufungua kliniki yake ajue la kuuliza.

Kinachoitwa kiti ni mtambo mzima

Watu husema "kiti" lakini kinachonunuliwa ni mtambo wenye sehemu kadhaa. Kuna kiti chenyewe cha kulalia mgonjwa. Kuna meza ndogo ya daktari inayobeba drili na bomba la kupulizia hewa na maji. Kuna upande wa msaidizi wenye mrija wa kufyonza mate, na beseni la kutemea. Kuna taa ya kumulika kinywa, na pedali ya mguu inayomwezesha daktari kuendesha drili bila kugusa swichi kwa mikono yenye glavu.

Nje ya chumba, au katika chumba kidogo cha pembeni, kuna mtambo wa kubana hewa unaojulikana kama kompresa. Wakati mwingine kuna pia mashine ya kufyonza inayojitegemea. Kituo kinapotangaza kuwa kimenunua kiti, swali la kwanza la mkazi liwe iwapo kompresa ilinunuliwa pamoja nacho. Kiti bila kompresa ni kama gari lisilo na injini.

Kuchagua: anza na wagonjwa

Kabla ya kufungua kitabu cha picha za viti, kituo kinapaswa kujua ni nani watakaokalia kiti hicho na watatibiwa nini. Kituo kinachohudumia watu wazima na watoto wa shule kwa kung'oa, kuziba na kusafisha meno hakihitaji kiti chenye skrini na vikolombwezo vingi. Kinahitaji kiti imara, rahisi kusafishwa, na ambacho fundi aliye karibu anaweza kukirekebisha.

Mambo manne yanafaa kupewa uzito.

La kwanza ni uwezo wa kubeba na urefu wa kushuka. Viti vingi vimetengenezwa kubeba mgonjwa wa angalau kilo 135, na vingine zaidi. Kiti kinachoshuka chini vizuri humsaidia mzee, mama mjamzito na mtu anayehama kutoka kiti cha magurudumu. Kifungu cha 54 cha Katiba kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufikia maeneo yote, kwa hivyo mlango wa kliniki na nafasi ya kando ya kiti ziwe pana vya kutosha kiti cha magurudumu kupita na kugeuka.

La pili ni ngozi ya kiti. Ngozi laini isiyo na mishono mingi hufutika kwa dawa ya kuua viini. Mishono na mikunjo huficha damu na uchafu. Kitambaa hakifai kabisa.

La tatu ni namna kiti kinavyoinuliwa. Kuna viti vinavyoinuliwa na mota za umeme zinazozungusha parafujo kubwa, na kuna vinavyoinuliwa kwa mafuta yaliyobanwa, yaani haidroliki. Vya mafuta hupanda polepole bila kelele, lakini mpira wa kuzuia mafuta ukichakaa huvuja. Aina zote mbili hufanya kazi vizuri. Linaloamua ni ipi kati yake inayojulikana na mafundi wa eneo hilo na ambayo vipuri vyake vinapatikana nchini.

La nne ni taa. Taa za LED hutumia umeme mdogo, hazipashi uso wa mgonjwa joto, na hudumu kuliko balbu za zamani za halojeni. Mwanga wake uweze kupunguzwa, kwa sababu baadhi ya dawa za kuziba meno huanza kukauka zikimulikwa sana kabla daktari hajamaliza kuzipanga.

Jambo jingine la kufikiria ni kiti cha kusafiri. Kuna viti vinavyokunjwa na kubebwa kwa gari pamoja na mtambo mdogo wa drili unaoingia katika sanduku. Kwa wadi zenye vijiji vilivyotawanyika, kiti kimoja kilichofungwa kituoni na kimoja cha kusafiri cha kupeleka shuleni vinaweza kuwafikia watu wengi kuliko viti viwili vilivyokaa chumba kimoja.

Chumba na sakafu

Kiti cha meno kikilazwa huwa na urefu wa takriban mita 2. Daktari hukaa nyuma ya kichwa cha mgonjwa, msaidizi hukaa upande wa pili, na wote wawili wanahitaji nafasi ya kusogea. Chumba cha mita 3 kwa 3 huwa finyu kikiongezewa kabati, sinki na meza. Kikipatikana kikubwa zaidi, kazi huwa nyepesi.

Mabomba na nyaya za kiti hutokea sakafuni, ndani ya kisanduku kilicho karibu na miguu ya mgonjwa. Ndani yake mna bomba la maji safi, bomba la hewa, bomba la kutolea maji machafu na waya wa umeme. Penye mashine ya kufyonza inayojitegemea, huongezwa bomba lake. Yote haya hupitishwa chini ya sakafu. Kila mtengenezaji ana mchoro wake unaoonyesha kisanduku kikae wapi, kwa sentimita.

Kwa sababu hiyo, kiti kinapaswa kuchaguliwa kwenye karatasi kabla ya sakafu kumwagwa zege na kupigwa vigae. Mkandarasi wa jengo apewe mchoro wa kiti mapema. Asipopewa, kinachofuata ni kubomoa sakafu mpya, au kuburuta mabomba juu ya vigae ambapo watu watajikwaa na uchafu utajikusanya. Gharama ya kubomoa hulipwa na mwananchi yule yule aliyelipia kujenga.

Sakafu yenyewe iwe imara na sawa. Kiti hufungwa kwa boliti au hukaa kwa uzito wake, na sakafu ikiinama hata kidogo, kitayumba mgonjwa akilala.

Hewa: moyo wa kliniki

Drili ya meno inayotumika sana huzungushwa na hewa. Drili za aina hiyo zilianza kuuzwa mwaka wa 1957, na kichwa chake huzunguka mara 300,000 na zaidi kwa dakika. Kasi hiyo ndiyo inayofanya kuchonga jino kuwe kwa haraka. Pia huleta joto, na ndiyo maana drili hurusha maji wakati inapozunguka. Ikikosa maji, joto linaweza kuua mshipa wa ndani ya jino.

Shinikizo la hewa hupimwa kwa kipimo kiitwacho ba. Tairi la gari dogo huwa na takriban ba 2. Kiti cha meno huhitaji hewa ya kati ya ba 5 na 6 ikifika kwenye kisanduku, na kiti kimoja hutumia takriban lita 50 hadi 60 kwa dakika kikiwa kazini. Viti viwili vinavyofanya kazi pamoja huhitaji maradufu. Iwapo mrija wa kufyonza mate nao unaendeshwa kwa hewa hiyo hiyo, kompresa iwe kubwa zaidi, la sivyo drili itapunguza kasi kila msaidizi anapofyonza mate.

Kompresa ya gereji haifai. Hutoa hewa iliyochanganyika na mafuta, na mafuta hayo huishia kinywani mwa mgonjwa. Pia huharibu drili, na dawa ya kuziba haishiki vizuri kwenye jino lenye mafuta au unyevu. Kliniki inahitaji kompresa isiyotumia mafuta, yenye kifaa cha kukausha hewa.

Kompresa hupiga kelele na hutoa joto. Ikiwekwa ndani ya chumba cha matibabu, mgonjwa na daktari hawataelewana. Mahali pake ni kibanda cha nje chenye hewa ya kutosha, paa, na kufuli.

Maji: hesabu ya tangi

Vituo vingi hutegemea tangi lililo juu ya mnara. Kuna kanuni rahisi ambayo kila mkazi anaweza kuitumia: kila mita 10 za urefu wa maji huleta takriban ba 1 ya shinikizo. Mnara wa mita 6 huleta takriban ba 0.6 tu. Viti vingi huhitaji maji ya takriban ba 2 au zaidi. Kwa hivyo tangi peke yake mara nyingi halitoshi, na pampu ndogo ya kusukuma maji huhitajika. Jambo hili linafaa kuwa katika mipango tangu mwanzo, si kugunduliwa siku kiti kinapofungwa.

Mirija inayopeleka maji kwenye drili ni myembamba sana, ya takriban milimita 2. Maji ya kisima yenye chumvi nyingi huacha magadi ndani yake na kuiziba. Kichujio, na panapohitajika mtambo wa kupunguza chumvi, hugharimu pesa kidogo kuliko kubadilisha mirija yote.

Kwa maeneo yenye uhaba wa maji kuna njia nyingine. Viti vingi sasa huja na chupa ya lita 1 au 2 inayojazwa maji safi na kusukumwa na hewa ya kompresa. Kwa chupa hiyo, drili hupata maji safi hata bomba la mtaani likiwa kavu. Mkazi wa eneo kame akiona zabuni ya kiti, aulize iwapo chupa hiyo imo.

Usafi wa maji hayo ni muhimu. Maji yakilala ndani ya mirija myembamba, bakteria hujishikiza kwenye kuta zake na kuzaana. CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, inaelekeza kuwa maji ya matibabu ya kawaida ya meno yasizidi makundi 500 ya bakteria kwa kila mililita. Njia ya kila siku ya kusaidia ni kuacha maji yapite kwenye mirija kwa sekunde 20 hadi 30 baada ya kila mgonjwa, kumwaga chupa jioni, na kutumia dawa ya kusafisha mirija kama mtengenezaji anavyoelekeza.

Umeme

Umeme wa Kenya ni wa volti 240 na mizunguko 50 kwa sekunde. Kiti kilichotengenezwa kwa soko la Marekani huwa cha volti 120 na mizunguko 60. Kukichomeka moja kwa moja ni kukiunguza. Hata kikipewa kifaa cha kushusha volti, mizunguko haibadiliki, na baadhi ya mota hazitafanya kazi inavyotakiwa.

Kiti chenyewe hakili umeme mwingi. Wanaokula ni kompresa na mashine ya kuua viini kwa mvuke. Mota ya kompresa inapoanza, kwa muda mfupi huvuta umeme mara kadhaa zaidi ya kawaida, na jenereta ndogo inaweza kulemewa. Kila kifaa kikubwa kiwe na laini yake kutoka kwenye sanduku la umeme, waya wa ardhini uwe umepimwa, na kifaa cha kudhibiti volteji kiwekwe mahali ambapo umeme hupanda na kushuka. Bodi za kielektroniki za kiti huungua haraka, na bei yake si ndogo.

Kinachotoka kwenye kiti

Maji machafu ya beseni na ya mrija wa kufyonza yanapaswa kuteremka kwa mteremko wa kutosha hadi kwenye bomba la majitaka au tangi la maji machafu. Yasielekezwe kwenye mtaro wa mvua.

Penye kuziba au kuondoa amalgamu, yaani dawa ya rangi ya fedha, kuna tahadhari ya ziada. Takriban nusu ya uzito wa amalgamu ni zebaki, madini yenye sumu. Mkataba wa Minamata wa mwaka wa 2013 unazitaka nchi wanachama zipunguze matumizi yake hatua kwa hatua. Kiti kiwe na kichujio cha kunasa vipande vya amalgamu, na vipande hivyo vihifadhiwe katika chombo kilichofungwa. Visichomwe, kwa sababu joto hugeuza zebaki kuwa mvuke unaovutwa na watu.

Drili moja haitoshi

Chukulia kliniki inayotibu mgonjwa mmoja kila dakika 30, jumla ya wagonjwa 12 kwa siku, na kila mmoja anahitaji drili. Drili ikishatumika huoshwa, hutiwa mafuta yake maalumu, hufungwa, na kuingizwa katika mashine ya mvuke. Viini hufa kwa nyuzi 134 za Selsiasi ndani ya angalau dakika 3, au nyuzi 121 kwa dakika 15, lakini ukijumlisha kuosha, kupasha joto, kukausha na kupoza, drili inaweza kurudi baada ya takriban dakika 90. Katika muda huo wagonjwa watatu wengine watakuwa wamefika. Hivyo drili 3 ziko kwenye usafi, 1 iko kazini, na 1 inahitajika kama akiba. Jumla ni 5.

Bajeti ikiorodhesha kiti kimoja na drili moja, kuna mawili: ama wagonjwa watasubiri, ama drili itapanguswa kwa dawa na kutumiwa tena. Hilo la pili ni hatari kwa maambukizi ya homa ya ini na magonjwa mengine ya damu.

Viti vya msaada

Si vibaya kupokea kiti kilichotumika kutoka kwa wahisani. Lakini mwongozo wa WHO wa mwaka wa 2011 kuhusu misaada ya vifaa vya matibabu unasema kuwa katika baadhi ya nchi ni asilimia 10 hadi 30 tu ya vifaa vya msaada vinavyofika hatua ya kufanya kazi. Kabla ya kukubali, kituo kiulize volti yake, umri wake, kitabu cha maelekezo, na iwapo vipuri bado vinatengenezwa. Kukataa kiti kisichofaa, kwa heshima, ni bora kuliko kulipa ushuru wa bandari na usafiri wa kifaa kitakachokaa stoo.

Kenya imeshajifunza somo linalofanana na hili. Mpango wa serikali kuu wa kukodisha vifaa vya matibabu kwa hospitali za kaunti, ulioanza mwaka wa 2015 na kujulikana kama MES, ulichunguzwa na kamati maalumu ya Seneti iliyotoa ripoti mwaka wa 2020. Miongoni mwa yaliyobainika ni kuwa baadhi ya vifaa vilikaa bila kutumika kwa kukosa majengo yanayofaa, umeme, maji au wataalamu.

Ununuzi na upokeaji

Kifungu cha 227 cha Katiba kinataka ununuzi wa umma uwe wa haki, wa usawa, wa uwazi, wenye ushindani na usiopoteza pesa. Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya mwaka wa 2015 inataka zabuni ieleze kazi na viwango vinavyohitajika, bila kutaja jina la kampuni fulani kwa lengo la kuwafungia wengine nje. Kwa hivyo zabuni nzuri ya kiti cha meno husema kifaa kifanye nini: kibebe kilo ngapi, kitumie volti gani, kiwe na chupa ya maji, kije na kompresa ya uwezo gani na drili ngapi. Husema pia ni nani atakayekifunga, dhamana ni ya miaka mingapi, vipuri vitapatikana kwa muda gani, na wafanyakazi watafunzwa na nani.

Sheria hiyo hiyo inataka kuwe na kamati ya ukaguzi na upokeaji. Kazi yake ni kuhakikisha kilichofika ndicho kilichoagizwa. Kwa kiti cha meno, kukiona kikiwaka taa hakutoshi. Kamati ikiwa na fundi wa vifaa vya matibabu na daktari wa meno inaweza kufanya majaribio haya:

1. Mtu mzima alale, kiti kipandishwe hadi juu na kushushwa hadi chini mara kadhaa.
2. Drili na mrija wa kufyonza viendeshwe pamoja kwa dakika 10, huku shinikizo la hewa likisomwa.
3. Lita kadhaa za maji zimwagwe kwenye beseni kuona iwapo yanaondoka na hayavuji chini.
4. Umeme wa kituo uzimwe, jenereta iwashwe, kisha kiti kijaribiwe tena.
5. Kisanduku cha sakafuni kifunguliwe na kukaguliwa siku inayofuata, kwa sababu uvujaji mdogo huonekana baada ya usiku mmoja.

Malipo ya mwisho yafuate majaribio hayo, yasiyatangulie.

Vibali navyo vina nafasi yake. Kituo husajiliwa na kupewa leseni na KMPDC, baraza linalosimamia madaktari na madaktari wa meno. Iwapo kliniki itakuwa na eksirei ya meno, kunahitajika idhini ya KNRA, mamlaka inayosimamia mionzi chini ya sheria ya mwaka wa 2019, na chumba kikaguliwe kabla ya mashine kuwashwa.

Matunzo ni sehemu ya bei

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Jioni, mirija ya kufyonza isafishwe kwa dawa, tangi la kompresa lifunguliwe kutoa maji yaliyojikusanya, na bomba kuu la maji la kiti lifungwe, kwa sababu mrija ukipasuka usiku chumba kizima hufurika. Kila wiki vichujio vikaguliwe. Angalau mara moja kwa mwaka, fundi aliyefunzwa afanye ukaguzi kamili na kuandika katika daftari la kiti.

Kazi hizi zinahitaji mtu na pesa. Sheria ya Ufadhili wa Uboreshaji wa Vituo vya Afya ya mwaka wa 2023 inaviwezesha vituo vya umma kubaki na mapato vinayokusanya na kuyatumia kwa huduma zao. Kamati ya kituo inaweza kutenga sehemu ya mapato ya kliniki ya meno kwa ajili ya vipuri na fundi, badala ya kusubiri kiti kikwame ndipo barua iandikwe makao makuu.

Mkazi aulize wapi na lini

Mwaka wa fedha huanza Julai 1. Mpango wa maendeleo wa kila mwaka huwasilishwa katika bunge la kaunti kufikia Septemba 1, taarifa ya mikakati ya fedha kufikia Februari 28, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Vikao vya kuwashirikisha wananchi hufanyika katika msimu huo. Mkazi anayesubiri siku ya uzinduzi ili aulize kuhusu maji na umeme huwa amechelewa.

Katika kikao, maswali saba yanatosha:

1. Je, mchoro wa kiti umepewa mkandarasi kabla ya sakafu kumalizwa?
2. Kompresa imo katika bei, na haitumii mafuta?
3. Maji yatatoka wapi, na kwa shinikizo gani?
4. Umeme ukipotea, nini kitaendesha kompresa?
5. Ni drili ngapi zitanunuliwa, na mashine ya kuua viini iko?
6. Daktari wa meno au afisa wa afya ya kinywa ameajiriwa, au nafasi yake imetengewa mshahara?
7. Nani atarekebisha kiti mwaka wa tatu, dhamana ikiisha?

Asiyepata jibu kikaoni anaweza kuandika ombi la habari. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka wa 2016 inaruhusu ombi kuandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza, na ofisi ya umma inapaswa kujibu ndani ya siku 21. Asiporidhika, anaweza kupeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala.

Swali linaloulizwa mapema halimdhalilishi mhandisi wala afisa wa ununuzi. Humsaidia kukumbuka bomba moja lililosahauliwa kwenye mchoro, wakati kulichora bado ni kazi ya penseli.